Ngazi Sita, Ukurasa Mmoja

Daktari Urmas anazitaka zote kwenye karatasi moja,
kesho saa tatu, kabla ya treni ya Tallinn.
Grafu sita: ini, mapafu, utumbo,
damu, kongosho, na ile ya watoto.

Nje theluji imezifunika baiskeli
hata hujui ipi ni ya nani.

Tatu juu, tatu chini.
Kila grafu ni ngazi ishukayo kuelekea kulia
na kila kidato ni mtu.
Mwezi wa nne, kimoja. Mwezi wa tano, viwili.
Halafu sakafu ndefu, tambarare,
miezi kumi na moja bila aliyekufa,
na nadhani wauguzi walikula keki.

Ya watoto ina vidato viwili tu.
Naiweka mwisho, pembeni, jicho lipumzike hapo.

Kompyuta, ikiachiwa, huipa kila moja kipimo chake:
huivuta kongosho ya miezi minane ijaze upana
sawa na damu yenye miaka sita,
macho yakadanganyika kwamba zinashuka pamoja.
Nazifunga zote kwenye mhimili mmoja.
Sasa kongosho inaporomoka kwenye kona ya kushoto,
inaacha weupe mtupu hadi ukingoni.
Urmas, kwenye simu: "Nafasi inapotea bure."
Haipotei. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Bado majedwali. Chini ya kila ngazi, kwa tarakimu ndogo,
waliobaki: 41, 30, 12, 3, 0.
Hayaenei. Anashauri niyakate.
Nabana pambizo, nafuta vichwa vilivyojirudia,
maelezo ya rangi nayaandika mara moja tu, juu,
kama ubao wa majina mlangoni pa jengo la ghorofa.
Yanaenea. Kwa kusukumana, lakini yanaenea.

Printa ya kwenye korido inatoa karatasi, ina joto bado.
Maret, anayesafisha usiku, anainama kuitazama.
Na hiki kijistari je, anauliza,
hapa kwenye utumbo, mwezi wa kumi na tisa?
Mbona hakishuki?

Aliyehama. Au aliyechoka na sindano.
Barua tatu zilirudi kutoka Saaremaa.
Hatujui.

Maret ameegemea mpini wa fagio. "Basi yupo."

Simjibu. Kitaalamu si hivyo.
Lakini kijistari kimefifia, karibu hakionekani.
Narudi mezani, nakikoza,
nachapa tena.