Na ya Kutolea

Saa kumi na moja alfajiri simu iliita, Tunduma.
Anandumi, jirani, akihema kama aliyetoka kupanda Kibosho kwa miguu:
"Mama yako nimemkuta bandani,
ndoo imemwagika, ng'ombe anamlamba mkono."

Nikavaa viatu. Nikavivua.
Kutoka hapa hadi Moshi ni mchana mzima na usiku wake;
viatu vya nini?

Nikatuma ya gari, ya kipimo cha kichwa,
na ya kutolea.
Ujumbe ukarudi: muamala umekamilika.
Angalau hicho kimekamilika.

Saa saba wakamwekea simu sikioni, KCMC,
kitanda cha dirishani.
Nikasikia toroli, kikohozi cha mtu mwingine,
kisha sauti yake, imelegea upande mmoja
kama kanga iliyofungwa kwa haraka:

"Ng'ombe amekamuliwa?"

Nikasema ndiyo, mama.
Sikujua. Nilikuwa nimesimama nje ya ghala, jua la utosi,
malori yanapiga honi mpakani,
naapia maziwa nisiyoyaona.

Kimya. Toroli tena.

"Basi," akasema.
Halafu, polepole, akilitafuta kila neno:
"Basi la usiku usipande."