Daftari la Siku Tano

Mali bila daftari hupotea bila habari,
nami si mwanamke wa kupotewa na habari.
Nimefungua ukurasa mpya, nimepiga mstari kwa rula ya Mundhir.
Kaa, Zamzam, nikusomee.

Chumba cha watu sita chenye kibaraza:
riali elfu moja na mia nane.
Kibaraza peke yake mia tatu na kumi.
Tulianikia nguo za kuogelea.
Bahari ilikuwepo, sikatai,
lakini bahari ipo Sib pia, na pale
hapana anayekuuliza kadi.

Mtandao: riali saba kwa siku, kwa simu moja.
Khalfan akasema hapana.
Akaisema kwa sauti ya kule jangwani,
ile ya kushindana na mitambo,
na watoto wakanyamaza kama waliofiwa.

Soda haikuwamo. Maji ya chupa hayakuwamo.
Bahashishi ilikatwa kabla hatujamshukuru mtu.
Khasab, kutazama pomboo: arubaini na tano kila kichwa,
na boti yenyewe, we Zamzam,
ni ya Sleyum, mtoto wa ami yake Khalfan,
ambaye angetupakia kwa salamu na kopo la halwa.
Alituona kwenye foleni, stika za namba vifuani,
akacheka mpaka akaushika usukani asianguke.

Biriani yao siiandiki.
Wali upande huu, nyama upande ule, kama waliotalikiana.
Rahisi huvunja upishi, tulifundishwa;
hakuna aliyetuambia kuwa ghali nayo huvunja.

Na Asya, miaka minane, ukimuuliza alichopenda
katika meli yenye ghorofa kumi na tano,
atakwambia: lifti.
Lifti ya kioo. Alipanda mara thelathini na moja.
Ya namna ile ipo dukani kwetu, na kuegesha gari ni bure.

Jumla, na teksi ya kurudi kutoka Matrah:
elfu mbili, mia tatu na sitini, na baisa zake.

Najua. Unataka jibu kabla ya Ijumaa, ofa inakwisha.
Ngoja, kuna ukurasa wa nyuma.

Siku ya pili Mundhir, kwa kukosa simu,
alimwomba baba yake karata.
Miaka kumi na minne Khalfan ni wiki mbili Marmul,
wiki mbili nyumbani, na za nyumbani huzilala.
Wakacheza wahedi wa sitini mezani, karibu na mashine ya aiskrimu.
Mundhir akaiba karata.
Baba yake akaona.
Naye akaiba.

Usiku ule, saa tisa, niliamka.
Pacha wamelala mzungu wa nne kwenye kochi,
mguu wa Rayya usoni kwa Nasra,
Asya kabana ubavuni kwangu, Khalfan anakoroma,
Mundhir anamjibu kutoka kitanda cha juu.
Nikahesabu pumzi. Tano. Nikahesabu tena.
Nyumba tuliyojenga Mabela ina vyumba saba,
na kila chumba kina mlango, na kila mlango umefungwa.
Mara ya mwisho kuwasikia wote
ilikuwa kwenye kile chumba cha kupanga Ruwi,
Asya yungali tumboni,
kodi riali mia na ishirini kwa mwezi,
na tukikilalamikia kuwa kidogo.

Pumzi hizo sijui niziweke safu gani.
Nimejaribu kwenye mapato, zimekataa.
Nimejaribu kwenye gharama, mkono umekataa.

Benki inakata mia mbili kila mwezi mpaka Ramadhani.
Jumapili Khalfan kapanda basi la kampuni.
Jana Mundhir kapekua kila droo,
hata za jikoni, ndipo akaniuliza karata ziko wapi.
Nikamwambia: baba yako kaondoka nazo.
Akasimama pale mlangoni kidogo, kisha akauacha wazi.

Zamzam, kibaraza usichukue.