Kwa Asiyelala

Numbi Kalenga, ni saa nane za usiku
na simu bado naiweka karibu na sikio.
Mkono umezoea.
Saa hii ungepiga kutoka Golf,
nyumba ya vyumba kumi na viwili,
usingizi ukashindwa kupata hata kimoja,
useme: "Soma. Chochote. Hata kibaya."
Nami huku Katuba, chini ya mabati,
nikisoma kwa kunong'ona majirani wasiamke,
mistari mingine wino haujakauka,
mpaka nisikie pumzi zako zikianza kuburuta miguu.
Hukuaga hata siku moja.
Asubuhi salio lingeingia kwenye simu,
la kutosha kusoma wiki nzima.

Shuleni, padri wetu wa Kilatini
(alikuwa na kikohozi, na fimbo asiyoitumia)
alitusimulia tajiri mmoja wa Rumi ya kale
aliyewalisha washairi,
akampa mmoja wao shamba lenye chemchemi
asidai kitu ila urafiki.
Tukacheka dawati la nyuma:
urafiki unakaangwa kwa mafuta gani?
Mwepu akasema, huyo anajinunulia kaburi lisiloota majani.
Padri akasema, "Labda. Endelea kunyambua kitenzi."

Miaka thelathini, ndipo ukaja wewe
na malori kumi na manane ya shaba njia ya Kasumbalesa,
kanzu bila mkanda, pete ya malakiti kila kidole,
mji mzima ukikucheka unavyotembea
kama mtu aliyetoka bafuni akakuta wageni.
Jumapili ulitukusanya:
Mwepu na vitenzi vyake,
Mama Umba mpiga chapa, aliyesahihisha hata sala ya chakula,
Kapend fundi saa, ambaye hakuwahi kufika kwa wakati.
Bukari, samaki wa Kasenga,
munkoyo ndani ya glasi za harusi.
Na sheria moja: hakuna kukusifu.
Aliyekusifu aliosha vyombo.
Mwepu aliosha mara mbili.

Ulinipa shamba njia ya Kipushi. Si kubwa.
Kisima, mipapai mitatu,
kichuguu kirefu kuliko nyumba.
Hati niliikuta ndani ya mfuko wa unga.
Nilikasirika siku mbili, kisha nikapanda mihogo.
Lakini tangu hapo kila nilipokuita rafiki
neno lilitoka kinywani
limevaa viatu vyako.

Mara moja tu uliomba.
Si kwa simu. Uso kwa uso, ukiitazama glasi:
"Siku moja niandike. Mistari minne.
Ila nisiwemo kama tajiri."
Nikajibu kwamba mimi ni wa mambo madogo,
mvua, sufuria, mke anaposuka nywele,
malori yako yatanivunjia ubeti.
Nikajiona mtu huru. Nikajipenda njia nzima kurudi.
Wewe ulicheka, ukageuza maneno yakawa ya mpira.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, malori yakauzwa.
Jumapili ya kwanza tulikuwa tisa.
Ya tano tulikuwa watatu, na mmoja wetu mbwa.
Mwepu alikuwa na mafua. Mafua ya miezi minne.
Akufaaye kwa dhiki: methali tuliijua wote,
Mama Umba aliwahi kuipiga chapa kwenye kadi.
Na mimi?
Mimi nilikuwa na mihogo ya kupalilia.
Uliendelea kupiga saa nane. Salio halikuja tena,
nami nilipokea mara nyingi,
si kila mara.
Niandike hivyo: si kila mara.

Ulilala Novemba, na mvua ya kwanza.
Kapend alifika mazikoni kabla ya jeneza.

Basi chukua, nimechelewa, hesabu mwenyewe:

Aliogopa usiku kama mtoto.
Aliomba kusomewa, hakuomba kusifiwa.
Alinipa kisima; nikanywa, sikuuliza kina chake.
Rafiki yangu. Neno hili, leo, liko peku.