Moja kwa Kumi na Mbili

Lifti ya jengo letu hapa Rustavi hula sarafu.
Tetri kumi kupanda, tetri kumi kushuka,
na mdomo wake uliwekwa na mtu aliyesimama
kwa ajili ya watu wanaosimama.
Basi kila asubuhi nangoja ghorofa ya saba,
sarafu imelala kiganjani inapata joto,
mpaka Zhuzhuna wa mlango wa pili atoke na takataka zake
anitumbukizie.
Asante, jirani. Kila siku asante.
Akiba yangu ya asante imekwisha, sasa nakopa.

Jioni ile televisheni ilipotangaza sheria mpya
wabunge walisimama wakapiga makofi.
Nami nikapiga, nimekaa,
na makofi yangu yalisikika vizuri tu.

Majira ya kuchipua wakajenga njia ya mteremko
mbele ya manispaa. Utepe ukakatwa,
naibu meya akapigwa picha mkono wake ukiwa kwenye kiti changu
kama mtu aliyenunua farasi.
Kisha wakasema: panda, Bi Makvala.
Nikapanda shubiri tatu. Gurudumu likakumbuka kwao,
likanirudisha kinyumenyume hadi kwenye maua.

Sasa, mimi nilifundisha hesabu miaka kumi na tisa
kabla ya barafu ile, kabla ya lori lile.
Pembe hainidanganyi.
Nikaja Jumapili, uwanja mtupu,
na uzi wa kufumia, na chupa ya maji nusu iwe pimamaji,
na Temuri, mtoto wa Zhuzhuna, wa kushika ncha.
Kanuni inasema: ukipanda moja, tembea kumi na mbili.
Wao walipanda moja, wakatembea tatu.
Hiyo si njia, Temuri. Hiyo ni paa.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti;
mteremko, liulizeni gurudumu.

Nikachora. Nikaandika barua.
Ofisi ya haki za watu wenye ulemavu
iko ghorofa ya tatu, na haina lifti,
hata ya kula sarafu.
Karani akashuka, kijana mpole, Vazha jina lake,
akaipokea barua mvua ikinyesha,
akasema: "Wakati wowote, mama, tutashuka kukusaidia."
Mwanangu, nikamwambia, sikuomba msaada,
niliomba mlango.
Akatazama viatu vyake. Nadhani alielewa kiasi.

Miezi kumi na moja.
Majibu mawili ya kusema barua imepokelewa,
moja likiwa limeandikwa kwa marehemu mama yangu.
Kisha, Novemba, nyundo.
Wakavunja, wakajenga upya, ikapinda kona mbili
kama nyoka aliyeshiba,
na chuma cha kushikia upande mmoja;
upande wa pili, bajeti ilikuwa imekwisha.
Nikapima. Moja kwa kumi na moja na nusu.
Nikampa mhandisi alama sabini na sita,
naye sikumbuki kumpa mtu sabini na sita bila jasho.

Sikupiga kigelegele. Nilikaa pale chini saa nzima
nikitazama nani anapita:
mwanamke na kigari cha mapacha,
mzee anayesukuma kabichi zake,
msichana mguu mmoja ndani ya plasta,
Temuri mara nane, huyo ana baiskeli tu na kichwa kigumu.
Hakuna aliyeuliza nani aliiomba.
Sikuwaambia.

Halafu nikapanda mwenyewe, polepole,
mikono ikiuma maumivu ya kawaida, ya halali,
kona ya kwanza, kona ya pili, nikafika mlangoni,
na mlangoni kuna kizingiti.

Sentimita nne.

Temuri, njoo ushike ncha.