Nyota ya Kopo

Kadutu, umeme umekatika tangu juzi.
Nsimire anakata kopo la maziwa ya unga
kwa mkasi wa kushonea, mkasi wa mama, marufuku.
Ncha nne zimetii; ya tano imepinda
kama kidole cha kuku.

Vizibo vya bia kavitoboa kwa msumari,
kavitunga kwenye uzi wa gunia.
Tawi la mkaratusi, katika ndoo iliyopasuka, linasubiri Noeli.

Mugisho anakuja na karatasi za vidonge vya baba,
za fedha, tupu tangu Agosti.
"Na hizi?"
Nsimire anazigeuza. Anazigeuza tena.
Anazitundika juu, chini kidogo ya nyota.

Mama anaingia na mshumaa.
Haulizi habari za mkasi.
Kila kishimo cha kidonge
kimeshika moto wake.