Pipi ya Kafara

Kosa langu lilikuwa andazi.
Asubuhi ya kwanza, kabla ya dripu,
nilimnunulia Kalina andazi la jamu ya plamu
kwenye kioski kile cha Łódź, tramu inapokata kona kuelekea hospitali,
ili angalau siku iwe na kitu kitamu.

Alilamba vidole vyote kumi.
Saa mbili baadaye alikuwa amekumbatia beseni.

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu
hakungoja dawa: mfuko wa karatasi ulipochakarika tu
nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Nilidhani ni deko. Nikamkaripia, naungama hapa,
mtoto wa miaka sita, kichwa laini kama yai.

Nesi Halszka akanivuta pembeni, penye mashine ya kahawa.
“Ulimi wake haujui kemia,” akasema.
“Unajua kilichotangulia na kilichofuata, basi.
Dawa hutapisha bila kufundishwa na mtu.
Andazi halina hatia, ila lilikutwa limesimama mlangoni
mara moja, mara mbili,
na sasa mwili umeliandika kwenye hati ya mashtaka.”

Kisha plamu ikawavuta jirani zake:
zabibu, kitambaa cha zambarau, mwisho
sweta langu.
Kwa aliyeumwa na nyoka, kamba nayo ina meno.

“Tumtafute mwingine wa kubeba lawama,”
na Halszka akatoa mfukoni pipi nyeusi,
yenye ladha ya chumvi na lami.
“Kitu ambacho hatakikumbuka kwa hamu maishani.”
Basi kila Jumanne tukaichinja pipi.
Kalina aliinyonya, akakunja uso, dripu ikaanza,
chuki yote ikaenda huko,
na supu ya nyumbani ikapita salama.

Plamu nazo? Tulizirudisha polepole, mbali na Jumanne,
ncha ya kijiko, kisha kijiko, bila chochote kufuata.
Hofu ikachakaa. Haikufutika:
baada ya likizo ndefu ilipiga hodi siku moja,
ikakuta kimya, ikaenda zake.

Leo ana miaka kumi na tisa.
Anakula andazi amesimama, jamu kidevuni.

Mimi ndiye sijapona.
Tramu ikipiga kengele pale kwenye kona
mate yananijaa, machungu,
na mkono unaingia wenyewe mfukoni
kutafuta pipi.