Hesabu Nyuma ya Risiti ya Kahawa

Nyuma ya risiti ya kahawa nimepiga mstari katikati:
kushoto, kulisuka upya; kulia, kununua jingine.
Milioni kumi na nane, arabika ya misimu miwili,
na Khaukha, fundi wangu, ananitazama
kama daktari anayesubiri mgonjwa akubali kisu.

Subaru ya mwaka tisini na saba.
Bluu iliyochakaa mabegani, mlango wa abiria
unaofunguka kwa ndani tu, tena kwa heshima.
Kwenye kioo kuna kibandiko cha Kijapani
ambacho Mbale nzima hakuna aliyekisoma,
basi nimekipa maana yangu:
Tafadhali usiniuze.

Upande wa kushoto namba zinapanda kama barabara ya Sipi.
Turbo kubwa zaidi, milioni nne.
Pistoni ngumu kutoka Kisekka, kama si za bandia.
Klachi, maana turbo itaila ile ya zamani.
Giaboksi, maana klachi mpya italitesa la sasa.
Breki, maana nataka kuzeeka.

Kulia kuna mstari mmoja tu:
Nakawa, kwa Ssemwogerere, jeupe, la juzijuzi,
milioni arobaini na mbili, zinazopungua ni za benki,
"dada, tutaelewana."
Nililiendesha. Halikuniuliza kitu.
Lilibadili gia lenyewe, likawasha taa lenyewe,
ndani kimya kama ofisi ya mkopo.
Nikashuka na mikono isiyo na harufu.

Nimewauliza wahenga, nao wakanigeuka.
Mmoja akanong'ona: usiache mbachao kwa msala upitao.
Mwingine, shati limenyooshwa pasi: kipya kinyemi.
Sikumwacha amalize. Najua kinaishia kwenye kidonda.

Jumamosi nikapanda nalo Kapchorwa, tuulizane wawili.
Kona ya tatu baada ya Sipi, ile yenye migomba mkono mmoja
na mkono wa pili hewa tupu, tambarare mbali chini,
nikatia gia ya pili.
Silinda nne zilizolala, mbili kwa mbili,
zikarushiana ngumi. Nyuma likateleza,
kidogo, kiasi cha utani,
nikalirudisha kwa kiganja,
nikacheka peke yangu kama mwizi.

Kisha sindano ya joto ikainuka.
Mvuke. Ile harufu tamu ya radieta.
Dakika arobaini juu ya jiwe, boneti wazi
kama mdomo wa mtu aliyeropoka ukweli.
Mtoto akaniletea maji kwenye jerikeni la njano.
"Limekufa?"
"Linapumzika."
"Kaka yangu naye husema hivyo kuhusu shule."

Ni pale juu ya jiwe hesabu iliponikaa sawa.
Ukibadili injini, na giaboksi, na miguu, na mapafu,
kinachobaki ni kibandiko.
Umeshanunua jingine, kwa vipande, kwa riba,
na bado unaliita kwa jina la lile la kwanza,
kama mjane anayemvika mume mpya
koti la marehemu.

Jumatatu Khaukha akafuta mikono kwa gazeti.
"Unataka liende kasi, au unataka liende?"
Swali la fundi anayejinyang'anya kazi.
Nikasema: gasketi. Radieta. Shokamzoba za nyuma.
Turbo iache na kimluzi chake.
"Na mlango?"
Mlango usiuguse.

Risiti ninayo bado, ndani ya dashibodi.
Upande wa kulia sijaufuta.
Usiku mwingine mvua ikipiga bati
lile jeupe la Nakawa hunipitia akilini, taa zimejiwasha,
halitoi hata mguno.

Ssemwogerere alipiga simu tena jana.
Sikupokea.
Namba yake sikuifuta.